Istikhara ya Kanivali

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.



Amiri wetu aliniomba niandike makala kuhusu fadhila za mwezi wa Shaaban, kama inavyoandikwa karibu kila mwaka katika jarida hili. Nilikubali haraka, kisha nikakaa wiki mbili siandiki kitu. Kila nikianza nakumbuka jinsi mimi mwenyewe nilivyokuwa nimeupangia mwezi huo. Kwa hiyo naomba mnistahimilie. Nitaanza na habari ya safari, na Shaaban itakuja mahali pake.

Mwezi wa Juni mwaka jana, sisi wanne tunaokaa hosteli moja tulianza kupanga kwenda Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia nchini Brazil, kwenye kanivali ya Februari hii ya 2026. Wengi wenu mnaijua kanivali ya Rio de Janeiro, ile ya jukwaani, ambapo watu wengi huketi na kutazama vikundi vikipita. Ya Salvador ni ya barabarani. Kwa karibu wiki nzima barabara za Barra, Ondina na Campo Grande hufungwa. Malori makubwa yaliyojengwa spika kutoka chini mpaka juu, ambayo wenyewe huyaita trio elétrico, husogea polepole na wanamuziki wakiwa juu yake, na umati mkubwa wa watu huyafuata ukicheza usiku kucha. Jambo hili la kuupandisha muziki juu ya gari lilianza mjini humo mwaka 1950, na leo kanivali hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa kubwa kabisa za barabarani duniani.

Tuliipanga safari hiyo kwa bidii ambayo, Mungu atusamehe, hatujawahi kuipangia mitihani. Mmoja wetu alikuwa mtu wa tiketi: Entebbe, Addis Ababa, São Paulo, halafu ndege ya ndani mpaka Salvador. Mwingine mtu wa malazi. Mwingine mtu wa hesabu, na jedwali lake kwenye kompyuta lilikuwa na safu ya visa, safu ya chanjo ya homa ya manjano, safu ya chakula, mpaka safu ya dharura. Kulikuwa pia na safu ya abadá, nayo nitaieleza baadaye.

Mimi nilikuwa mtu wa sababu.

Kila kundi linalotaka kufanya jambo la aina hii huhitaji mtu wa kulipa jambo hilo jina zuri, na katika kundi letu mwenye kusoma dini nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesoma habari za Waislamu wa Kiafrika waliopelekwa Bahia utumwani, wanaojulikana kwa jina la Malê. Nikawaambia wenzangu kwamba hatuendi kwenye starehe, tunakwenda ziara ya kielimu. Nikaandika kurasa mbili zenye kichwa cha habari na malengo manne. Lengo la kwanza lilikuwa kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Bahia, ambako karatasi za Kiarabu walizonyang'anywa Waislamu hao zimetunzwa mpaka leo. La pili lilikuwa kutembelea mitaa waliyopigania. La tatu kuonana na Waislamu wachache wa Salvador ya sasa. Kanivali niliitia kwenye lengo la nne, mstari wa mwisho, kwa maneno "kuangalia utamaduni wa wenyeji."

Kurasa hizo nilimtumia mjomba wangu, mfanyabiashara wa kahawa kule Kasese. Mjomba hakusoma sana, lakini akisikia neno Uislamu na neno elimu kwa pamoja, mkono wake huwa mwepesi. Alinitumia shilingi milioni mbili kwa simu. Jioni yake akanipigia, akasema, "Mjomba, ukifika huko waombee dua hao wazee. Waambie hatujawasahau."

Maneno hayo yalinikaa vibaya kifuani. Nikafanya kile ambacho mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu hukifanya moyo wake ukimkosesha raha na hataki kuusikiliza: niliswali istikhara. Usiku wa kwanza, na wa pili. Wiki iliyofuata bei ya tiketi ikashuka kidogo. Nikawaambia wenzangu, "Mnaona? Allah ameifanya nyepesi."

Naomba msomaji asicheke upesi. Namjua mwanafunzi aliyeswali istikhara juu ya msichana ambaye alikwisha kumpa ahadi, na mwingine aliyeiswalia mkopo wa riba. Tumeigeuza swala hii kuwa muhuri. Jabir bin Abdillah (R.A.) anasimulia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwafundisha istikhara kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Qur'ani. Wanazuoni walioisherehesha hadithi hiyo wameeleza kwamba istikhara haina nafasi katika la wajibu, kwa sababu hilo lazima lifanywe, wala katika la haramu, kwa sababu hilo lazima liachwe. Nafasi yake ni katika mambo ya halali na katika kuchagua kati ya kheri mbili. Mimi nililijua hilo. Nililiandika kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza na nikapata alama zangu. Ila mbele ya Mola wangu nilisimama nikiwa na zile kurasa mbili, naye anajua lengo la nne lilikuwa la ngapi.

Siku moja baada ya swala ya Alasiri nilimsimulia ustadhi wetu wa fikihi habari za safari, kwa fahari kidogo, na sikuacha kumwambia kwamba nimeshaiswalia istikhara.

"Ni safari ya nini?" akauliza.

"Utafiti, ustadhi. Historia ya Waislamu wa Bahia."

"Mnakwenda lini?"

"Februari. Tarehe 11 tunaondoka."

"Hizo nyaraka, hufunguliwa siku za kanivali?"

Sikuwa nimeuliza. Miezi minne ya kupanga, jedwali lenye safu ya dharura, na hakuna aliyeuliza kama ofisi ambayo ni lengo letu la kwanza itakuwa wazi siku hizo za sikukuu.

Ustadhi akavaa viatu vyake. "Basi nendeni Juni," akasema. "Nyaraka zitakuwepo. Mitaa itakuwepo. Tiketi pengine itakuwa rahisi zaidi." Akaniangalia. "Juni ina kasoro gani?"

Hakungoja jibu. Nami nilibaki pale kibarazani mwa msikiti nikilitafuta jibu hilo. Juni haina kasoro yoyote. Kasoro ni kwamba mwezi wa Juni hakuna aliyekuwa anataka kwenda, na wa kwanza wao ni mimi.

Ndugu zangu, hadithi ya Umar bin al-Khattab (R.A.) kwamba amali huangaliwa kwa nia zake tunaihifadhi tangu madrasa. Tunaitumia zaidi kama kinga: nia yangu ni njema, niacheni. Lakini msikilize Mtume (S.A.W.) alichukua mfano gani katika hadithi ile. Alichukua mfano wa safari. Watu wawili wanapita njia moja kutoka Makka kwenda Madina, kwa ngamia wa aina moja, kwa jua lile lile. Mmoja amehama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, mwingine kwa ajili ya dunia aipate au mwanamke amuoe. Ukiwatazama kwa macho huwatofautishi. Nadhani ndiyo maana safari ikachaguliwa, kwa sababu ni amali ambayo kwa nje haisemi chochote juu ya moyo wa mwenyewe. Hata kurasa mbili zenye malengo manne hazisemi.

Mafakihi waliliona jambo hili mapema, na mimi huwashangaa kwa jinsi walivyolichambua. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa juu yake, msafiri mwenye dhambi ni wa aina mbili. Yuko anayeasi ndani ya safari yake: ametoka kwa biashara ya halali au kumzuru mama yake, kisha njiani akateleza. Huyu ana dhambi zake, lakini ruhusa za msafiri anazo: atapunguza swala, atachanganya, atafungua saumu. Na yuko anayeasi kwa safari yenyewe: ametoka kwa sababu ya maasia, safari yake ndiyo kosa lake. Huyu hana ruhusa hata moja. Adhuhuri yake ni rakaa nne hata awe amevuka bahari. Imam Abu Hanifa ana rai nyingine, yeye huwapa wote ruhusa, na sikusudii hapa kupambanisha madhehebu. Ninachotaka mkione ni kwamba mbele ya wanazuoni wetu hukumu ya safari haingoji mtu afike. Imeshakatwa pale alipokuwa anafunga begi.

Nikajiuliza: mimi ni yupi kati ya wawili hao? Kwa miezi minne nilikuwa nimejiandalia hoja ya yule wa kwanza. Nitakwenda kwa utafiti, nikiteleza huko nitatubia. Swali la ustadhi lilinihamisha kwa neno moja, Juni.

Kuna jambo jingine lililonipata wiki ile, nalo linahusu lile abadá.

Kwenye kanivali ya Salvador, malori mengi ya muziki huzungushiwa kamba ndefu. Ndani ya kamba wako waliolipa. Tiketi yao ni vazi, fulana ya rangi ya kundi hilo, na fulana hiyo ndiyo inayoitwa abadá. Ukiivaa unaingia kambani. Nje ya kamba wako wasiokuwa na pesa, wanasukumana. Wenyewe wanawaita bisi, kwa vile wanavyorukaruka. Na kamba yenyewe hushikwa na vibarua, wengi wao ni watu weusi wa mitaa ya kimaskini ya mji huohuo, wanaotembea usiku mzima wakiwazuia ndugu zao wasiingie. Abadá kwa siku moja ya kundi mashuhuri si bei ya mwanafunzi. Ndiyo maana ikapewa safu yake.

Neno hilo nililiona mara mia kwenye jedwali letu bila kujiuliza limetoka wapi. Usiku ule wa baada ya swali la ustadhi, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kupanga, nilisoma habari za Malê kwa ajili ya kuzisoma. Na humo nikalikuta. Abadá lilikuwa vazi lao la ibada. Ni kanzu nyeupe pana, jina lake limetoka Afrika Magharibi, na Waislamu wa Bahia walikuwa wakiivaa faraghani wanapokutana kuswali, kwa sababu kuonekana nayo barabarani ilikuwa hatari kwao.

Walitoka nayo barabarani mara moja. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 25 Januari 1835, katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1250. Walikuwa watumwa na walioachwa huru, wengi wao Wayoruba, ambao huko waliitwa Wanago, na baadhi Wahausa. Walipanga kuanza alfajiri. Siri ikavuja, askari wakaja kwenye nyumba waliyokutania, na mapambano yakaanza kabla ya saa yake. Miongoni mwa sehemu za kwanza walizozishambulia ilikuwa jela, kwa sababu ndani yake alikuwamo mzee wao, mwalimu wao, Pacífico Licutan, ambaye jina lake la Kiislamu lilikuwa Bilal. Mzee huyo hakuwa amefungwa kwa kosa lolote. Bwana wake alikuwa na deni, na yeye alishikwa kama mali inayongoja kupigwa mnada. Jela haikuvunjika. Walipigana mitaani usiku ule mpaka sehemu iitwayo Água de Meninos, wakakutana na askari wa farasi, wakashindwa. Zaidi ya sabini waliuawa. Baada yake wanne walipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama, wengine wakahukumiwa viboko vya kuhesabiwa kwa mamia, na wengi wakafukuzwa na kurudishwa Afrika. Kanzu nyeupe ikawa ushahidi wa kosa. Karatasi yenye aya za Qur'ani, iliyokunjwa na kuvaliwa shingoni, ikawa ushahidi wa kosa.

Hao ndio wazee ambao mjomba aliniambia niwaombee dua. Nami pesa yake nilikuwa nimeipangia kununua fulana yenye jina la kanzu yao, niingie ndani ya kamba, na kamba ishikwe na watu ambao pengine baadhi yao ni wajukuu wa wajukuu zao.

Sisemi haya kuwabeza watu wa Salvador. Mtaa wa Itapuã una kundi la kanivali lililoanzishwa mwaka 1979 na kuitwa Malê Debalê, na waliolianzisha walitaka watoto weusi wa mji ule wajue kwamba babu zao waliwahi kusimama. Wao hawana deni kwangu. Si Waislamu, dini hiyo walinyang'anywa wazee wao kwa viboko, na wamelishika jina kwa namna walivyoweza. Mwenye deni ni mimi, niliyeachiwa kanzu na swala na mwezi wenyewe mzima, hakuna aliyeninyang'anya, na nilikuwa tayari kulipa nauli kuviacha mwenyewe.

Katika miaka ya 1860 meli ya dola ya Kiothmani ilitupwa na dhoruba mpaka Rio de Janeiro. Ndani yake alikuwamo imamu, Abdul-Rahman al-Baghdadi. Watu weusi wakamjia wakimtolea salamu ya Kiislamu. Hakuwa ameipangia safari ile hata siku moja, lakini aliiacha meli iondoke, akabaki miaka kadhaa akiwafundisha Waislamu wa Rio na wa Bahia dini yao, kisha akaandika kitabu cha safari hiyo. Nimeisoma habari yake mara nyingi tangu wakati ule. Mtu aliyetupwa na upepo alifika Bahia akiwa na nia. Sisi wenye jedwali tungefika bila nia.

Najua kuna ndugu atakayesema: basi Muislamu asifurahi? Ndilo aliloniambia mwenzangu wa malazi siku nilipowaeleza kwamba najitoa. Aliniambia dini yako imekuwa ya huzuni. Nilimjibu kwa hasira, na jibu la hasira halifai kuandikwa. Jibu ambalo ningepaswa kumpa ni hili. Anas (R.A.) anasimulia, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Nasai, kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili wanazocheza. Hakuwaambia kwamba kucheza kumekwisha. Aliwaambia Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku mbili bora kuliko hizo, Idi ya kuchinja na Idi ya kufuturu. Na Bukhari na Muslim wamepokea jinsi Wahabeshi walivyocheza kwa mikuki msikitini mwa Mtume (S.A.W.), naye amesimama akimkinga bi Aisha (R.A.) kwa shuka yake mpaka yeye mwenyewe alipochoka kutazama. Dini hii ina sikukuu, ina michezo, ina kicheko. Tunavyosherehekea Idi hapa chuoni, kwa pilau ya saa sita na kila mtu kurudi chumbani kulala, ni kosa letu sisi viongozi na wanachama, na naomba kamati ya ustawi ilichukue neno hili kama lilivyo. Kijana anayekosa furaha ya halali haachi kutafuta furaha.

Ila kanivali ya aina ile, pombe inavyotiririka na miili inavyochanganyika, hakuna haja ya kuitafutia hukumu iliyojificha. Katika Suratul-Furqan, aya ya 72, Mwenyezi Mungu anawasifu waja wake kwamba hawahudhurii uzushi, na wakipita penye upuuzi hupita kwa heshima zao. Kupita. Aliyekata tiketi miezi minane mapema hapiti.

Kuna pia habari iliyopokewa na Ibn Hibban na Hakim kutoka kwa Ali (R.A.), na wanazuoni wa hadithi wamehitilafiana juu ya daraja yake, kwa hiyo naitaja kwa tahadhari hiyo. Inasema kwamba Mtume (S.A.W.), katika ujana wake kabla ya utume, mara mbili alimwachia mchungaji mwenzake mifugo ili aende Makka usiku kama wafanyavyo vijana. Kila mara alisikia muziki wa harusi, akakaa, usingizi ukamchukua mpaka joto la jua likamwamsha. Mimi hunipendeza kwamba alilindwa kwa usingizi. Wengine hulindwa kwa visa iliyokataliwa, kwa pesa isiyotimia, kwa mwalimu anayevaa viatu. Ukishaona njia yako imekuwa nyepesi usiharakishe kusema ni kheri. Yangu ilikuwa nyepesi mno.

Sasa Shaaban, kama nilivyomwahidi amiri.

Kanivali ya mwaka huu itaanza Alhamisi tarehe 12 Februari na kumalizika Jumanne tarehe 17. Kwa hesabu za kalenda Ramadhani ya 1447 inatarajiwa kuanza tarehe 18 au 19, kwa kutegemea mwezi kuandama. Yaani siku zile za Barra na Ondina ni siku za mwisho za Shaaban. Usama bin Zayd (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kwa nini anafunga sana katika mwezi huu kuliko miezi mingine. Akajibiwa, kama alivyopokea Nasai, kwamba ni mwezi ambao watu hughafilika nao, uko kati ya Rajab na Ramadhani, na ndani yake amali hupandishwa kwa Mola wa viumbe, naye alipenda amali yake ipandishwe akiwa amefunga. Nikiisoma hadithi hii najiona nimesimama ndani ya kamba, fulana mwilini, na karatasi yangu inapandishwa.

Na kanivali yenyewe, kwa asili, ni sikukuu ya kushiba kabla ya Wakristo kuingia Kwaresima. Nilipomweleza hivyo mwanafunzi mwenzetu anayetoka Tanga, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe ni vunja jungu!" akasema. "Mnapanda ndege mbili tatu kwenda kuvunja jungu? Si mngekuja kwetu kwa basi?" Watu wa pwani wananielewa. Siku za mwisho za Shaaban huko kwao kuna wanaozitumia kula, kunywa na kustarehe kana kwamba Ramadhani inakuja kuwafunga jela. Kicheko chake kilinisaidia kuliko mawaidha, kwa sababu kilinionyesha kwamba jambo nililolipa jina la utafiti wa Brazil linafanyika nyuma ya nyumba zetu bila visa. Wako watakaosoma makala hii na kutikisa kichwa juu yangu, na tarehe 16 Februari watakuwa kwenye sherehe ya nyumba ya mtu hapa mjini wakiaga mwaka wao wa kula mchana.

Mwenzangu wa hesabu aliniambia basi tuahirishe, twende mwakani. Nilichukua kalenda nikamwonyesha. Mwaka 2027 Jumanne ya mwisho ya kanivali ni tarehe 9 Februari. Ramadhani ya 1448 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8. Alitazama muda mrefu, kisha akaifunga kompyuta yake. Yeye naye amejitoa, ingawa anasema ni kwa sababu ya ada.

Mjomba nilimfuata mwenyewe Kasese wakati wa likizo, maana jambo lile halikuwa la simu. Nilimweleza yote, mpaka lengo la nne. Alinyamaza. Alikuwa anachambua kahawa kwenye ungo, akaendelea kuchambua. Nikamwekea shilingi milioni mbili mezani. Hakuzigusa. Baada ya muda akauliza, "Na hao wazee, habari zao ni za kweli au nazo ulizitunga?" Nikasema ni za kweli, mjomba. Nikamsimulia usiku ule, jela, kanzu, Bilal. Tulikaa mpaka adhana ya Magharibi. Pesa alizichukua asubuhi, na sikuona kwamba amekwisha kunisamehe.

Mtu wa tiketi bado anakwenda. Alishalipa, na sehemu kubwa ya nauli hairudishwi. Ni rafiki yangu, tunakula sahani moja, na tangu nilipojitoa amekuwa akinitania kwamba nimekuwa sheikh. Juzi usiku alibisha hodi chumbani kwangu akakaa kitandani bila kusema kitu. Halafu akaniuliza lile suala la msafiri mwenye dhambi, kama kweli hana rakaa mbili. Nikamfungulia Minhaj ya Imam Nawawi, mlango wa swala ya msafiri, tukasoma pamoja. Pale pale, baada ya kumnyima ruhusa aliyetoka kwa maasia, Imam anaongeza kwamba akitubu njiani huhesabiwa kuwa ameianza safari yake tangu pale alipotubia.

"Hata Addis Ababa?" akauliza.

Nikamwambia hata Addis Ababa. Hata São Paulo, akiwa kwenye foleni ya ndege ya ndani.

Akakaa kidogo. Kisha akauliza kama ile hifadhi ya nyaraka ina tovuti, na kama wanapokea wageni baada ya tarehe 18. Nilimwambia tutazame. Mtandao wa hosteli ulikuwa chini usiku ule, akaenda kulala. Anaondoka tarehe 11, in shaa Allah, na nawaomba mumkumbuke katika dua zenu, yeye na mimi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.